Matembezi ya Ijumaa Kwenye Viazi vya Mwalimu

Mwalimu Elieza alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mwalimu yeyote kati ya Njombe na Makambako, na mwandiko huo ndio uliomponza. Mtu mwenye mwandiko mbaya huandika kidogo akaacha. Elieza akishaona herufi zake zimelala vizuri juu ya mstari alikuwa hawezi kujizuia. Huongeza sentensi nyingine, na nyingine tena, mpaka ukurasa ujae, hata kama ndani yake hamna neno la kweli.

Mwaka huo wa 1954 ilikuwa imekuja amri kwamba kila Ijumaa mchana wanafunzi wa darasa la tano watolewe nje, wakatazame mimea, wadudu na ndege kwa macho yao wenyewe, na mwalimu aandike yote waliyoyaona katika Daftari la Matembezi. Elieza aliipokea amri hiyo kwa moyo mkunjufu. Wanafunzi aliwatoa nje kweli, hilo hakuna wa kulikanusha. Kila Ijumaa saa nane aliwatoa, majembe begani, akawapeleka nyuma ya shule kwenye shamba lake la viazi mviringo, pale mbuga ya nyasi inapoanza kuteremka bondeni. Huko walikuwa wakilima, wakipalilia, wakipandishia matuta udongo. Yeye alirudi zake ofisini, akachovya kalamu katika wino, na matembezi yakaanza.

Na yalikuwa matembezi mazuri, asikudanganye mtu. Katika daftari hilo darasa la tano lilivuka mito, likapanda vilima, likahesabu miguu ya tandu na kuchora majani ya kila umbo. Kuna Ijumaa moja walimkuta kobe akiwa katikati ya njia, wakamzunguka kwa heshima wasimsumbue. Elieza mwenyewe aliposoma habari ya kobe yule alikaribia kulengwalengwa na machozi.

Tatizo la uongo wa kila wiki ni kwamba unaisha. Kufika Januari alikuwa amekwisha kuwatumia vyura, mchwa, kobe, na hata nyuki mara mbili. Ijumaa moja alikuwa amekaa na kalamu mkononi, ukurasa mweupe ukimtazama, Dorika akabisha hodi aingize majembe.

Dorika alikuwa kiranja wa darasa, msichana wa miaka kumi na mitatu, binti wa mzee wa kanisa. Hakuwahi kusema uongo hata siku moja, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu wa hatari sana.

"Mwalimu," alisema, "leo tumemwona tena yule mbayuwayu wa rangi ya wino. Amejenga kiota ndani ya shimo la mhanga, chini ardhini, mwisho wa matuta."

Elieza alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kwao kulikuwa Wanging'ombe, nchi ya joto na ng'ombe, na mbayuwayu wa huko hujenga chini ya paa la nyumba kama ndege wenye akili. Mbayuwayu wa kulala shimoni na mhanga, yule mnyama mla mchwa, alikuwa hajapata kumsikia.

"Hiyo ni njaa, Dorika. Nenda kale."

Dorika akaenda kula. Elieza akautazama ukurasa mweupe, akatazama chupa ya wino, akaandika kwa ule mwandiko wake kwamba wanafunzi walimwona mbayuwayu mwenye rangi ya wino, mkia wake una nyuzi mbili ndefu, naye hujenga ndani ya shimo la mhanga. Nyuzi za mkia aliziongeza yeye, kwa kuwa mstari ulikuwa haujajaa. Mwisho wa mwezi daftari likapelekwa Njombe kama kawaida.

Sasa ni lazima niseme jambo moja kwa upande wake, maana nisipolisema mtamwona mtu mbaya. Elieza alikuwa mwalimu wa kweli. Mtoto aliyeshindwa hesabu za sehemu kwa wengine aliziweza kwake, kwa kuwa alikuwa tayari kuirudia hesabu moja mara kumi bila kununa. Aliipenda chaki. Lakini alikuwa bado kwenye majaribio, mwaka wa pili huo, na bila cheti mwaka usingeisha kabla hajarudishwa kwao kuchunga ng'ombe wa baba yake mkubwa, ambaye alikwisha mtengea fimbo.

Katikati ya Februari mwalimu mkuu, mzee Anania, alimwita akampa barua aisome mwenyewe. Bibi Pinnock, Mkaguzi wa Shule, alikuwa amelisoma Daftari la Matembezi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ijumaa ijayo angekuja kwa gari kutoka Makambako. Alitaka kutembea na darasa la tano mahali pale pale wanapotembea kila Ijumaa, na zaidi ya yote alitaka kumwona huyo mbayuwayu. Baada ya hapo ndipo angeamua juu ya cheti cha Mwalimu Elieza.

"Hongera," alisema mzee Anania. "Mimi sikujua kama mna ndege wa namna hiyo."

"Hata mimi, mzee," alisema Elieza, na hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolisema juu ya matembezi tangu yaanze.

Siku ya Alhamisi aliufunga mlango wa darasa, akalipanga jeshi lake. Kesho, alisema, hatutashika jembe. Kesho tutakwenda mtoni, upande wa pili kabisa. Tutatazama maji. Mgeni akiuliza habari za mbayuwayu, tutasema amehama kwa sababu ya mvua.

Dorika akanyosha mkono. "Mwalimu, tuseme uongo?"

"Si uongo, Dorika. Ni kumkirimu mgeni."

Watu thelathini na wawili wakatazama malengelenge ya mikono yao, na Elieza angekuwa na jicho la kuona angeogopa.

Bibi Pinnock aliwasili saa nane kasorobo, matope mpaka kwenye madirisha ya gari. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, soksi za sufu zimevutwa hadi magotini, na shingoni amening'iniza darubini na kioo cha kukuzia, kila kimoja kwa kamba yake. Aliwaamkia "Kamwene" kwa Kibena, darasa zima likamwitikia, na kuanzia hapo hakumtazama Elieza tena. Aliwageukia watoto.

"Nipelekeni mahali ambapo mnakwenda kila Ijumaa."

"Njia ni hii, Bibi," alisema Elieza, ameunyosha mkono kuelekea mtoni.

Alibaki na mkono wake. Dorika alikuwa amekwisha kuzunguka nyuma ya shule, na darasa lote nyuma yake mstari mmoja, na Bibi Pinnock nyuma ya darasa akipiga hatua ndefu ndefu. Mtoto alikuwa ameombwa aonyeshe mahali wanapokwenda kila Ijumaa, naye alikuwa anapaonyesha. Elieza alikimbia kuwafuata. Alipowafikia, Mkaguzi alikuwa amekwisha kusimama katikati ya viazi.

"Mnafika hapa kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, Bibi," darasa likaitikia kwa pamoja.

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hasa mvua ikinyesha," alisema Manase, mvulana mfupi mwenye sauti nene, ambaye ndiye aliyekuwa akipewa tuta la mwisho, lenye mawe.

Elieza akafumba macho. Akaiona fimbo ya baba mkubwa, imeegemezwa mlangoni, inamngoja.

"Na mnajifunza nini mahali hapa?"

Mungu ndiye anayejua watoto wale walipanga lini. Labda hawakupanga. Kila mmoja alisema alichokuwa nacho, na kila mmoja alisema kweli tupu. Manase alimwonyesha vilima vya fuko, akamweleza kuwa fuko huhama tuta mvua ikizidi kwa sababu shimo lake hujaa maji, na ukitaka kujua mvua ya kesho tazama fuko amehamia wapi leo. Msichana mmoja aliinua jiwe bila kulitafuta, akaonyesha mayai ya mjusi, akalirudisha jiwe vilevile lilivyokuwa. Mwingine akaeleza kwa nini nyungunyungu ni wengi karibu na nyasi ambazo hazijalimwa, na wachache katikati ya shamba. Mwingine akataja nyasi tano kwa Kibena, na ipi inaanza kutoa ua.

Elieza alisikiliza mdomo wazi. Hakuna hata moja la hayo lililokuwa katika daftari lake. Alikuwa na mto, alikuwa na kobe mwenye heshima zake, lakini hakuwa na hili. Aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na chini ya aibu, sijui kwa nini, aliona pia fahari.

"Nani amewafundisha kutazama hivi?"

"Mwalimu ndiye aliyetuleta hapa," alisema Dorika, "akatuacha tuitazame ardhi kwa karibu sana."

Bibi Pinnock aliandika jambo katika kitabu chake. "Na mbayuwayu?"

Dorika aliweka kidole mdomoni. Wakamfuata kwa kunyata mpaka mwisho wa matuta, palipokuwa na shimo la zamani la mhanga, mlango wake umefunikwa nusu na nyasi. Walikaa chini kwenye unyevu. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Elieza alikaa nyuma ya wote, akitunga maneno ya kusema ndege asipotokea.

Ndege akatokea. Alikuja chini chini juu ya nyasi, mweusi, kisha akageuka kwenye mwanga na weusi ukawa samawati ya wino mpya, na nyuma yake zikivutwa nyuzi mbili ndefu za mkia. Zile zile ambazo Elieza aliziongeza ili mstari ujae. Akaingia shimoni bila kupunguza mwendo, na kutoka chini ardhini wakasikia makinda yakigombea chakula.

Bibi Pinnock alilala kifudifudi, soksi na darubini na vyote, akatia kichwa shimoni, na alipokitoa kilikuwa na matope na macho yake yalikuwa mekundu. "Miaka sita," alisema. "Miaka sita natafuta kiota cha ndege huyu katika nyanda hizi. Nimemtafuta Lupembe, nimemtafuta Ipelele. Kikombe cha udongo, kimebandikwa kwenye dari ya shimo. Makinda matatu." Kisha akasimama, akajifuta magoti, akahesabu hatua kutoka shimoni mpaka kwenye tuta la kwanza. Zilikuwa nne.

"Nani analima hapa?"

"Sisi, Bibi," alisema Dorika.

"Na shamba hili ni la nani?"

Watoto wote thelathini na wawili walikuwa na jibu. Hakuna aliyelitoa. Waligeuka taratibu, wakamtazama mwalimu wao, na nyuso zao zilikuwa za upole kabisa, kama za watu waliokaa kanisani wakingoja mahubiri.

Elieza alitazama viazi vyake. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Zilibaki wiki mbili vichimbwe. Akisema ni langu, huyu mama ataelewa yote kwa mara moja, majembe, daftari, kobe na yote.

"Ni la shule, Bibi," alisema.

"Vizuri sana," alisema Bibi Pinnock. "Basi haitakuwa shida."

Akatoa amri palepale, na mzee Anania aliyekuwa amefika akihema akaitwa awe shahidi. Kuanzia leo jembe lisiingie hapa. Mtu asichimbe, asing'oe, asipande, mpaka makinda yaruke na yeye arudi mwezi wa Aprili. Wanafunzi wawili wawili wakae zamu kila asubuhi na jioni, hatua ishirini kutoka shimoni, waandike kila kiumbe kinachofika, saa yake, na chakula chake. Akawapa daftari jipya, kurasa zake zimewekwa namba. Mwalimu atalihakiki na kutia saini, kisha litumwe kwake.

"Nikishalisoma hilo," alimwambia Elieza, "nitaamua juu ya cheti. Waandike wenyewe. Mwandiko wako nimeuona wa kutosha."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha kila siku. Elieza alisimama kwenye dirisha la ofisi akasikiliza viazi vyake vikioza. Havikusikika, bila shaka, lakini yeye alivisikia. Wanafunzi walipita mbele yake Ijumaa mchana mikono mitupu, wakaenda kukaa kwenye nyasi na penseli, na walirudi wakiwa safi kuliko walivyopata kurudi tangu shule ifunguliwe. "Shikamoo, Mwalimu," walisema mmoja mmoja wakipita. Aliitikia yote.

Jumamosi uvumilivu ulimwisha. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua, wanafunzi wote wako kijitoni na sabuni, na alfajiri namna ile, kabla hata ya zamu kuamka, nani atakuwa mbugani? Alichukua kikapu, akaenda, akarudi. Alitumia muda mfupi tu. Mchana alichemsha viazi, akavila kwa chumvi, na tangu Krismasi hakuwa amekula kitu kitamu hivyo. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti kubwa.

Jumatatu Dorika akaweka daftari mezani kwake, lihakikiwe na kutiwa saini. Elieza alifungua ukurasa wa saba.

"Jumamosi. Zamu ya Dorika na Manase. Ukungu mzito. Saa kumi na mbili na robo asubuhi mbayuwayu dume ametoka shimoni, amerudi na nzi. Saa kumi na mbili na nusu ametokea mnyama mmoja mkubwa. Miguu miwili, kofia moja. Kabla ya kuanza kula alitazama huku na huku mara nne. Anachimba kwa mikono, anakula viazi mviringo, lakini hali hapo hapo, hutia kikapuni akapeleka kwenye tundu lake. Alichimba viazi vingi. Alipofika karibu na shimo alisimama akasikiliza makinda. Akavua viatu, akazunguka mbali kwa ncha za vidole, akaliacha tuta lote la mwisho bila kuligusa, ingawa ndilo lenye viazi vikubwa. Mbayuwayu hakumwogopa. Tumeona kuwa mnyama huyu ni mwoga lakini hana ubaya. Hatukumfukuza."

Aliisoma mara mbili. Kuchana ukurasa hakukuwezekana, kurasa zina namba. Kulipoteza daftari kuliwezekana, lakini Bibi Pinnock angeuliza, na wa kuulizwa angekuwa Dorika, na Dorika angejibu. Kulipeleka ni kuipokea fimbo ya baba mkubwa kwa mikono yake miwili.

Alikaa nalo mpaka kengele ya mchana ikapigwa. Jambo lililomsumbua zaidi ni kwamba lilikuwa limeandikwa vizuri. Hakuna sentensi ya kujazia mstari. Waliandika walichokiona, wakaacha. Katika miaka yake miwili ya kufundisha hakuwa amesahihisha kazi safi kama hiyo, na kama kuna mtu yeyote aliyestahili kuitwa mwalimu wa hawa watoto, alitaka awe yeye, kwa siku chache zilizobaki.

Akachukua kalamu nyekundu. Penye neno "vingi" akapiga mstari, na pembeni akaandika, kwa herufi ndogo zisizo na mapambo: "Vingi si hesabu. Vilikuwa arobaini na viwili." Chini akaandika kwamba amehakiki na kwamba yote ni sahihi, akatia saini, akalitia daftari katika bahasha, akaigonga muhuri wa shule kabla hajabadili mawazo.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, kwa basi la kutoka Makambako. Bahasha iliandikwa "Wanafunzi wa Darasa la Tano, isomwe kwa sauti na Mwalimu wao." Elieza aliifungua mbele ya darasa, na karatasi mbili zikatoka. Moja ilikuwa ngumu, imekunjwa, na hakuthubutu kuikunjua. Aliisoma ile nyingine kwa kuwa ndivyo ilivyoamriwa.

"Wanafunzi wapendwa," alisoma. "Daftari lenu ni zuri kuliko yote niliyopokea mwaka huu. Habari za mbayuwayu nimezipeleka kwa wataalamu. Ama kuhusu yule mnyama wa ukurasa wa saba." Hapo akakohoa. Hakuna aliyekohoa naye. "Ama kuhusu yule mnyama, mimi namfahamu. Nimemwona katika shule nyingi za nchi hii, na kwa kawaida huharibu sana. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akivua viatu, na ni mara yangu ya kwanza kuona akihesabu mwenyewe alichokula. Msimfukuze. Nadhani wenu anafugika. Pamoja na barua hii naleta cheti chake."

Elieza alikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu, akiwa hajui mikono aiweke wapi. Darasa lilikaa wima, nyuso za upole.

Dorika akanyosha mkono. "Mwalimu, tuendelee kumtazama?"

"Endeleeni," alisema Elieza.